Kreni Imeenda Kunyonyesha

Kiwanda kilikuwa cha kumwaga mabomba ya zege, yale makubwa ya mifereji ambayo mtu mzima anapita ndani ameinama kidogo tu. Bomba moja tani tatu. Na aliyekuwa akiyainua kwa kreni na kuyapakia kwenye malori alikuwa mwanamke, mwembamba, mpole, ambaye wapakizi walimbandika jina la Unyoya kwa sababu bomba lake likigusa lori husikii hata kishindo. Wanaume wawili walimtangulia kwenye kreni ile, na wote wawili walivunja mabomba ya kutosha kujengea ukuta. Unyoya, miaka minne, hajavunja hata moja. Haya, sema tena mwanamke hawezi!

Alianza kwa kufagia. Chini uwanjani walikuwa wanawake saba, wa kufagia, wa kumwagilia zege lisipasuke, wa kutia alama ya chaki penye nyufa, na wote saba walikuwa na watoto wadogo. Juu kwenye kibanda cha kreni alikuwa yeye peke yake, naye hakuwa na mtoto. Hilo hakulitia maanani wakati ule.

Kisha akajifungua. Mtoto wa kike, mashavu mpaka macho hayaonekani. Baba yake akamwita Bonge siku ya kwanza na jina likaganda. Likizo ikaisha, Unyoya akarudi kazini. Sheria inampa mama nafasi ya kunyonyesha, imebandikwa mlangoni pa ofisi, jua limeifubaza lakini inasomeka. Basi saa nne na saa nane mama mkwe wake alimleta mtoto getini. Mzee Filimbi, aliyeongoza kreni kutoka chini kwa filimbi na mikono, alipuliza mara mbili: binti yangu, mgeni wako kafika. Unyoya alishusha mzigo, akafunga ndoano, akashuka ile ngazi ndefu, akakimbia, akanawa, akanyonyesha ndani ya kibanda cha mlinzi, akapanda tena. Dakika arobaini. Malori yamepanga foleni, wapakizi wamekaa juu ya mabomba wakibembeza miguu.

"Kreni imeenda kunyonyesha!" walitania.

Wiki ya kwanza alicheka nao. Wiki ya tatu waliosema hivyo hawakuwa wakicheka.

Msimamizi akamwita. Si mtu wa makelele yule. Bora angekuwa wa makelele. "Dada, mimi sikufukuzi," alisema. "Lakini kreni haiwezi kusimama mara mbili kila siku. Ukitaka mtoto aje getini, shuka ushike chaki. Ukitaka kreni, mtoto asije."

"Nipe wiki mbili, bosi. Nitamwachisha ziwa."

"Haya," alisema yule bwana, akarudi kwenye makaratasi yake.

Mama mkwe alipoambiwa alishika kichwa. "Miezi minne? Mwanangu, hata mbuzi haachishwi hivyo."

"Mama, nikishuka kwenye ile ngazi sipandi tena. Nawaona walio chini."

"Chupa nitampa mimi," alisema mama mkwe. "Lakini shubiri upake mwenyewe. Mimi mkono wangu haumo."

Akaipaka chuchuni, chungu kama nyongo. Bonge alikuja mdomo wazi, anacheka kwa hamu, akavuta mara moja. Loo! Mtoto hakulia kwanza. Alimtazama mama yake, akangoja, kama anayengoja kuambiwa ni utani. Halafu akarudi kunyonya tena, maana mtoto ana nani mwingine wa kumwamini? Ndipo akalia, siku tatu, mpaka sauti ikakauka. Kiwandani nako, kila saa nne ilipofika, maziwa yalitoka yenyewe yakalowesha ovaroli mpaka kiunoni, na Unyoya kule juu akawa analia huku anashusha tani tatu polepole, na bado hakuvunja bomba. Kifua kikawa kigumu, kinawaka moto. Akakikaza kwa kitambaa, akameza vidonge, akapanda. Siku ya nane Bonge akaikubali chupa. Siku ya kumi na mbili kifua kikanywea.

Jumatatu iliyofuata aliweka mkono kwenye ngazi.

"Binti yangu, ngoja," alisema Mzee Filimbi, macho yake kwenye viatu. Juu kibandani alikuwa amekwisha kukaa dereva wa zamu ya jioni.

Unyoya alikwenda ofisini mbio. "Bosi, nimemaliza. Hanyonyi tena."

"Nimesikia, na hongera. Lakini wakubwa wamekaa wameamua. Leo ziwa, kesho meno, keshokutwa homa. Mwenye mtoto mchanga akili yake iko nyumbani, na kule juu ni tani tatu juu ya vichwa vya watu. Ni usalama tu, dada."

"Dereva wa jioni ana mapacha wa miezi sita."

"Ana mke," alisema msimamizi.

"Ungeniambia kabla sijamwachisha."

"Mimi sikukwambia umwachishe," alijibu, na kwa kweli hakumwambia. "Uliamua mwenyewe."

Jamani! Na aliyasema hayo huku anakoroga chai.

Akapewa chaki. Saa nne ilipofika alijua jambo lililomkata maini: mwenye chaki akiondoka, hakuna lori linalosimama. Sasa angeweza kunyonyesha hata mara nne kwa siku na asingeulizwa na mtu. Aliitupa chaki akakimbia mpaka nyumbani. Aliosha kifua kwa sabuni na maji ya moto, akaosha tena, akaonja kwa kidole kuhakikisha. Mama mkwe alimpa mtoto.

"Njoo, mama yangu," Unyoya alimbembeleza. "Halina uchungu tena. Naapa halina."

Alikamua, likatoka tone moja. Bonge alinusa. Alimtazama mama yake usoni, hakulia hata kidogo. Aliukaza mdomo, akageuza shingo, akamtafuta bibi yake.