Mngurumo Ndani ya Ua

Niliukata ua wa miiba wa Bi Thirza Garrod tarehe mosi Septemba, asubuhi, yeye akiwa hospitali, na ndani yake mlikuwa na kiota. Sikujua. Kutojua kwangu hakukumsaidia mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa halali. Kwetu Suffolk, Uingereza, tangu Machi hadi mwisho wa Agosti, nyua za mashambani haziguswi kwa ajili ya ndege wanaotaga. Ikifika tarehe mosi, trekta zinatoka zote kwa pamoja kama watoto wa shule kengele ikilia. Hiyo ndiyo kazi yangu. Trekta langu lina mkono mrefu wenye visu vinavyozunguka, na tangu nilipoacha shule nikiwa na miaka kumi na tano nimenyoa nyua za miiba za vijiji tisa. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba ndege hana kalenda.

Ua ule ulikuwa mpaka kati ya bustani yangu na yake. Futi sitini, miti ya miiba inayochanua meupe mwezi Mei, waridi mwitu, beri nyeusi zilizojisokota humo ndani. Ulikuwa mali yake, na kwa miaka mitatu alikuwa amenikataza kuugusa. Ulirefuka ukanipita kichwa, ukaninyima jua jikoni. Katikati palikuwa na pengo, pana kama mlango wa choo, mahali ambapo mti mmoja ulikufa zamani. Hapo ndipo tulipokuwa tukizungumza.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane wakati huo. Mama yangu alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia, na nyumba ilikuwa imebaki na mimi na redio. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa nne asubuhi, Bi Thirza alikuja kwenye pengo na vikombe viwili vya chai. Kama nina kazi mbali, nilipanga njia nipite nyumbani saa nne. Wenye mashamba walinung'unika. Niliwaambia injini inahitaji kupoa.

"Kijana," alikuwa akiniita. Kwetu mwanamume ni kijana mpaka anazikwa. "Kijana, umeuona ua wa kina Garnham? Umeunyoa kama kuruta wa jeshi. Hata shomoro anaona haya kukaa pale."

"Wamelipia kunyolewa, Bi Thirza. Wewe wako umekuwa kama kichwa cha mlevi."

"Mlevi ana raha zake. Kunywa chai."

Alinionyesha vitu. Njia ya kalunguyeye chini ya miiba, nyembamba kama mkanda. Jiwe ambalo ndege mmoja alikuwa akivunjia konokono, na magamba yamelizunguka. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye nyua miaka zaidi ya thelathini na sikuwa nimeona hata kimoja, kwa sababu mimi hutazama kisu kinapopita. Nilimsikiliza kwa adabu. Kusema kweli ningemsikiliza hata kama angenisomea bei za viazi.

Mwaka ule, mwezi Mei, alianza kumwaga ulezi kwenye kipande cha ardhi tupu mbele ya kibanda chake. Nikadhani ni wa shomoro. Na mwezi huo huo nikaanza kusikia mngurumo, wa chini, wa mfululizo, kama paka aliyeshiba au mtambo ulio mbali.

"Garnham ameweka pampu mpya?" nilimuuliza. "Inanguruma tangu alfajiri."

Alitazama ndani ya kikombe chake. Nilimwona anajizuia kucheka.

"Iache," alisema. "Inafanya kazi yake."

Majira yote yale ya joto alikuwa na furaha ambayo sikujua chanzo chake. Mwanamke wa miaka sabini na minne, anaimba huku ananing'iniza nguo. Nilidhani labda ni mimi, yaani ile chai. Mtu akikaa peke yake muda mrefu huanza kujipa sifa.

Tarehe ishirini na tano Agosti aliteleza bafuni akavunja nyonga. Nilikuwa nyuma ya machela walipompeleka kwenye gari la wagonjwa. Uso ulikuwa mweupe kwa maumivu, lakini aliushika mkono wangu.

"Trevor. Ua usiuguse mpaka nirudi."

Hakuwahi kuniita jina langu. Hapo ningepaswa kushtuka. Badala yake nilijibu, "Usijali, wewe pona tu," nikarudi ndani, na usiku kucha nikatafsiri maneno yake nipendavyo. Nikasema anaona aibu kunisumbua. Nikasema anarudi na magongo, atakaa dirishani wiki nyingi, na dirisha limezibwa na miiba. Nikaona nitakachomfanyia. Wakati huo nilikuwa sina mtu mwingine wa kumfanyia kitu.

Basi tarehe mosi, saa mbili asubuhi, niliuanza. Nilivaa viziba masikio. Niliukata chini, sawasawa, pembe zimenyooka, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliposhuka kukusanya matawi nikakuta vijiti vichache vilivyopangwa ovyo, na makinda mawili yenye manyoya yaliyoanza kuchipuka. Moja lilikuwa bado linapumua, halafu likaacha. Njiwa, nikasema. Njiwa wamejaa tele. Nikayatia kwenye toroli pamoja na matawi. Kwenye waya wa umeme walikuwa wamekaa ndege wawili wananitazama. Nilipovua viziba masikio nilishangaa jinsi kulivyo kimya. Nikadhani Garnham amezima pampu.

Bi Thirza aliletwa nyumbani wiki iliyofuata. Nilikuwa nimesimama kwenye pengo na vikombe viwili vya chai, mara ya kwanza mimi kuipika. Alikuja kwa magongo, polepole, akasimama. Jua lilikuwa limejaa bustani yake yote.

"Ulikuta nini?" aliuliza.

"Wapi?"

"Ndani, kijana. Ulikuta nini ndani?"

"Kiota. Makinda mawili ya njiwa. Samahani, sikuwa—"

"Tetere," alisema. "Wale wanaotoka Afrika. Wenye mgongo wa rangi ya kobe. Pampu yako ilikuwa sauti yao, na ulezi ulikuwa wao. Miaka ishirini na mbili hawajatua kijiji hiki. Niliihesabu." Alipumua. "Nilikuambia usiuguse."

"Ungeniambia sababu! Ungeniambia tu, ningelala chini ya ule ua na bunduki."

"Ungekwenda kuyasema kwenye baa."

Ilikuwa kweli. Ningeyasema kwenye baa usiku huo huo, kwa fahari, na kesho yake njia yetu ingejaa magari na watu wenye darubini, na mmoja wao mwizi wa mayai ya ndege adimu. Alinijua vizuri kuliko nilivyojijua.

Hakuichukua chai. Hakunitukana wala hakupiga kelele. Tangu siku hiyo alinipa "habari za asubuhi" akipita barabarani, kama anavyompa mleta barua, na hakuja tena kwenye pengo.

Niliapa kutougusa ule ua tena, na sijaugusa. Ukaota kwa nguvu kama vinavyoota vitu vilivyokatwa chini. Mwaka wa tatu beri nyeusi zilikutana katikati na pengo likazibika. Nilikuwa nimesimama na panga siku moja, nikijua kwamba dakika tano zingetosha. Nikalirudisha kibandani.

Amekufa sasa. Nyumba imenunuliwa na watu wa London wanaokuja Jumamosi mojamoja. Kila mwezi wa Aprili namwaga ulezi mbele ya kibanda changu na kusikiliza. Wanakuja shomoro.

Makinda mawili. Wazazi wawili, ambao hawakurudi mwaka uliofuata wala mwingine wowote. Ua futi sitini, huo uliota wenyewe. Na Bi Thirza aliishi miaka minne na miezi mitano baada ya siku ile, upande wa pili wa miiba. Siku sita kwa wiki, saa nne asubuhi. Vikombe elfu moja na mia tatu na themanini na zaidi kidogo, ambavyo sikuvinywa.