Mshipi Uliopimwa kwa Mdomo

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuingia madukani bila hodi, kuweka mawe yake ya shaba juu ya mizani za watu, na kuwaharibia siku. Mtaani wakamwita Mzee Mizani, na jina hilo alilivaa kama koti jipya. Alipostaafu nilishukuru, nikasema sasa nimepata mtu wa kuzungumza naye. Wiki mbili hazikuisha nikaelewa kwamba ukaguzi wenyewe haukustaafu. Ulihama tu madukani, ukaingia jikoni kwangu.

Sufuria zikapangwa kwa ukubwa, mifuniko ikasimamishwa kando kama wanafunzi waliochelewa. Nikikata kitunguu, yeye yuko mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, vipande havilingani."

Nikitia chumvi: "Hicho kijiko kimejaa sawasawa, au kina kilima?"

Siku moja nilimkuta amepiga goti moja, lile zima, maana la pili ni bovu, anapima kwa rula kutoka ndoo ya maji hadi jiko. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta hatua ninazozipoteza bure.

Mimi ni fundi cherehani, nimeshona miaka arobaini, subira ninayo. Lakini hata kitambaa kizuri, ukikivuta kila siku upande uleule, mwisho kinaachia.

Kilichotuokoa ni bwawa. Liko nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali, pale walipokuwa wakichimba udongo. Maji yakajaa, matete yakaota, perege wakaingia kwa njia wanayoijua wenyewe. Mzee akapata ufito wa kuvulia na kigurudumu chake cha kukunjia mshipi, akapata na jiwe bapa pembeni mwa maji. Kingo zote za bwawa lile zimeinama na zina tope. Jiwe lile peke yake ndilo mtu mwenye goti bovu anaweza kukaa na kunyoosha mguu. Basi kila asubuhi anakwenda, adhuhuri anarudi, na mimi katikati hapo napika ninavyotaka, na kijiko chenye kilima.

Sasa nina mdogo wangu wa kiume, dereva wa malori mstaafu. Tunamwita Honi kwa sababu ya sauti yake. Jumatatu moja Mzee alifika bwawani akamkuta Honi kakalia jiwe.

"Shemeji, hilo ni jiwe langu."

"Lina hati?" Honi akauliza. "Lina muhuri? Wewe mtu wa serikali, nionyeshe muhuri."

Wakabishana mpaka samaki wote wakaenda upande wa pili. Mwisho wakapatana: Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, atakayetoa samaki wengi jiwe ni lake moja kwa moja. Atakayeshindwa ataenda kwenye tope.

Mzee alinisimulia haya akiwa kasimama penye mlango wa jikoni, mahali pake pa kazi.

"Kwenye tope siwezi kukaa, goti litakataa. Nikishindwa basi, nitabaki nyumbani. Si vibaya. Kabati lako la vikombe halijawahi kukaguliwa."

Niliweka mkasi chini.

"Lete huo ufito niuone," nikasema.

Niliuangalia kama ninavyoangalia cherehani ya mteja. Ufito mzima. Ndoana kali. Lakini mshipi! Ulikuwa mnene, umekaa juani miaka, na ulipotoka kwenye kigurudumu ulijikunja pete kwa pete kama mkia wa nguruwe. Nikauvuta, ukanyooka. Nikauachia, ukarudi kwenye pete zake. Mshipi ukishazoea kujisokota hausahau.

"Na chelezo chako hukaaje majini?" nikamwuliza. Chelezo ni kile kijiti chepesi kinachoelea. Kikizama, samaki yuko kwenye ndoana.

"Hakitulii. Kinavutwavutwa."

"Kinavutwa na huu. Samaki anaona chambo kinatembea kama mlevi, anakiacha kipite. Vaa viatu."

Duka la vifaa vya uvuvi liko kati ya kinyozi na muuza rangi. Ni jembamba kama mkono wa shati, na mwenye duka ni mtu mpana, hata anayetaka kutoka lazima amsubiri ageuke. Mishipi ilijaa ukutani, myekundu, ya kijani, ya njano, na mmoja mweusi uliosukwa.

"Nataka wenye nguvu kuliko yote," Mzee akasema.

"Huu hapa, mzee wangu. Huu unavuta hata gari."

"Kwani tunavua gari?" nikauliza.

Mwenye duka alinitazama kama aliyesikia kiti kikizungumza.

"Samaki siwajui," nikamwambia, "lakini nyuzi nazijua. Nipe mwembamba, wa uzi mmoja, usiosukwa, na laini. Laini kuliko yote uliyo nayo."

"Yote ni laini, mama."

"Basi nitolee ncha za yote."

Vidole vyangu vimechomwa sindano mpaka vimekuwa ngozi ya kiatu, havijui laini wala kwaruzo. Fundi wa zamani hupima uzi kwa mdomo wa chini: unaubana kidogo, unauvuta polepole, na kila kijifundo kinajitaja. Nikaanza na wa kijani.

"Mama, usile bidhaa!"

"Sili. Nauliza habari zake."

Wa kijani ulikwaruza. Wa njano ulianza vizuri, halafu ukawa kama mchanga. Nyuma yangu wakaingia wanaume watatu, kila mmoja na haja yake. Wa kwanza alicheka. Wa pili alichukua ncha ya ule wa njano, akaipitisha mdomoni. "Ni kweli, una mchanga huu!" Mara wote watatu wamesimama wamening'iniza nyuzi midomoni kama mbuzi waliovamia nguo zilizoanikwa. Wa tatu, mwenye masharubu, akasema yeye haoni tofauti. Nikamwambia anyoe kwanza.

Mzee wakati huo alikuwa ametoa kibano chake cha shaba, kile cha kupimia unene. Ndiyo, alistaafu nacho.

"Hapa pameandikwa robo ya milimita. Mimi napata zaidi. Nani anakuletea mzigo?"

"Mzee, mimi nauza tu."

"Wote husema hivyo."

Akapima mshipi mmoja baada ya mwingine, mwenye duka anatoka jasho, mpaka akafika kwenye mwekundu. Akaupima mwanzo, kati na mwisho.

"Huu mwaminifu! Unene mmoja kila mahali."

Nikaupitisha mdomoni. Ulimi wa paka.

"Mwaminifu, lakini mkwaruzaji. Na mnene."

"Uaminifu kwanza, mama."

Wangu nilikuwa nimeshaupata kule chini, kwenye boksi lenye vumbi. Hauna rangi, kama maji. Ulipopita mdomoni nilidhani nimeudondosha. Nikauvuta urefu wa mkono, nikauachia, ukalala umenyooka, hauna hata pete moja. Mzee aliporudi kumhoji yule mnyonge kuhusu robo ya milimita, nikamtelezeshea fedha zake mezani kimyakimya, nikautia chini kabisa ndani ya mfuko wangu. Na ule mwekundu akaununua yeye, akaubeba kwa mikono miwili.

Mnaniuliza ningewezaje kuubadilisha asijue? Vizuri tu. Macho ya Mzee hayaoni kitu chembamba kuliko mwiko. Mimi ndiye ninayemfungia ndoana, mimi ndiye ninayempitishia mshipi kwenye vipete vya ufito, kama ninavyotunga sindano. Ijumaa mchana akanipa mwekundu, akasema, "Kunja." Nikakunja. Ila niliokunja ni wangu, na nikaujaza mpaka karibu na ukingo, kama bobini ya cherehani, kwa sababu bobini isiyojaa hutoa uzi kwa kinyongo. Mwekundu nikauficha ndani ya debe la vifungo. Moyo ulinidunda kama wa mtoto aliyeiba sukari. Mshipi ukikatika, nitakaguliwa mpaka kaburini.

Jumamosi nikaenda nao, nikisema nakwenda kushona pindo penye hewa. Honi alikaa upande mmoja wa jiwe, Mzee akasimama upande wa pili, jiwe lenyewe katikati limeachwa wazi kama kiti cha mgeni rasmi.

Honi alitangulia. Saa tatu alikuwa na mmoja, saa tatu na nusu wawili.

"Shemeji, wewe umekuja kuvua au kuosha chambo?"

"Haraka ni ya dereva," Mzee akamjibu. "Ndiyo maana lori lako lilijua mitaro yote."

Lakini nilikuwa naangalia vyelezo. Cha Honi, kila upepo ukipita, kilikuwa kinashtuka na kutambaa, maana mshipi wake wa kale ulijikunja juu ya maji kama tambi. Perege wakigusa, Honi akivuta, anavuta hewa kwanza mpaka zile pete zinyooke. Cha Mzee kilitulia wima, kikisukumwa polepole na maji, na mshipi ukikifuata kwa adabu. Saa nne kikazama: mmoja. Saa tano kasorobo, wa pili.

Hapo Honi akainamisha kichwa, akautazama ufito wa Mzee.

"Hebu. Shemeji, si ulisema umenunua mshipi mwekundu? Mbona huo siuoni kabisa?"

Sindano ikanichoma.

"Ni jua hilo," nikasema upesi.

"Jua limefanya nini?"

"Limekupiga machoni. Angalia chelezo chako."

Mzee hakugeuka. "Ukiwa ndani ya maji rangi hupotea," akasema kwa sauti ile ya kazini. "Ni jambo linalojulikana." Nikamshukuru Mungu kwa kumpa mume wangu majibu ya kila kitu.

Saa sita kasoro dakika tano walikuwa wawili kwa wawili. Chelezo cha Mzee kikatikisika, kikalala ubavu, kikatoweka. Ufito ukapinda mpaka nikasimama, pindo likaanguka topeni.

"Mkubwa!" Mzee akapiga kelele, akaanza kuvuta kwa mikono yote miwili kama anayefunga gunia.

"Mlegeze!" nikamwambia. "Mpe uzi! Ni mwembamba huo, utakatika!"

Nikaziba mdomo, lakini neno limekwisha toka. Mzee akalegeza. Kigurudumu kikazunguka, na mshipi ukatoka bila kukwama, bila sauti, vipete vyote ukivipita kama hadithi nzuri. Samaki akaenda hadi matete, akachoka, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Mzee alimkunja taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, na mimi nikaingia majini na ndoo, viatu na vyote. Tulipomtoa, Honi alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Imesimama," akasema.

"Leta niikague," Mzee akajibu.

Akakaa katikati ya jiwe, akanyoosha mguu wake, akafumba macho.

Tukiwa njiani kurudi, yeye na ufito, mimi na ndoo, sikuweza kuvumilia.

"Mzee, nina neno. Ule mshipi…"

"Sehemu kumi na nane katika mia za milimita," akasema. "Mwanzo, kati na mwisho. Mwekundu ulikuwa thelathini."

Nikasimama.

"Ulipima lini?"

"Asubuhi, ulipokuwa unatafuta viatu. Mama, mimi kifaa kisichopimwa sijawahi kukitumia tangu nizaliwe. Macho hayaoni, lakini kibano kinaona."

"Na ulinyamaza?"

"Nilitaka kuurudisha mwekundu. Halafu nikaupitisha huo wako mdomoni." Akatembea hatua chache. "Nikadhani nimeudondosha."

Kwa mkaguzi, hayo ni maneno mengi. Alichosema kingine, tulipofika mlangoni, ni kwamba Honi asiambiwe. Lakini Jumapili Honi mwenyewe alikuja, sauti imeshuka nusu, kuniuliza kama Jumatano nina nafasi ya kumpeleka dukani. "Dada, nasikia huko dukani kwamba una mdomo," akasema. Nikamwuliza, "Umejua leo?"

Jumatatu Mzee aliondoka mapema, ufito begani, kibano mfukoni. Nilisubiri mpaka mlango wa nje ukafungwa. Nikaenda jikoni, nikazitazama sufuria zangu zilizojipanga kwa ukubwa, na mifuniko ile iliyosimama kando. Nikaanza na ile kubwa kabisa, iliyokuwa mwisho wa mstari. Nikaiweka mbele.