Bwana Mikono Kakatwa

Najua ulipita pale. Ulisimama nje ya uzio, ukaona treni ndogo nyekundu ikiingia kwenye mdomo wa pango la saruji, ukampiga mtoto picha, ukaenda zako. Watu waliokuwa wakitoka lango la pembeni, kila mmoja na boksi lake kifuani, hukuwaona. Au uliwaona, ukajisemea ya watu hayakuhusu. Haya, keti. Haya yanakuhusu.

Pango lile lilichorwa na mwanamke tuliyemwita Mama Mapango. Alikuwa msanifu mkuu katika ofisi inayobuni bustani za burudani: meza za kuchorea ghorofani, karakana chini, na lifti mbovu katikati. Alikuwa na mazoea yake, na mazoea yale yakageuka sheria ya ofisi. Kabla abiria yeyote hajapanda, anapanda kwanza Bwana Mikono.

Bwana Mikono ni fremu ya mbao, kiwiliwili chenye mikono iliyonyooshwa pande zote, mirefu kuliko ya mtu yeyote unayemfahamu. Mtoto akifurahi hunyoosha mkono. Mtu mzima akifurahi hujisahau akanyoosha yote miwili. Fremu inaketishwa kwenye behewa, behewa linasukumwa taratibu njia nzima, na popote inapogusa, ukuta unakatwa. Unakatwa ukuta, si mkono. Jambo hilo halikuandikwa popote, maana wote waliolijua walikuwa wakinywa chai chumba kimoja.

Kisha watu wakaanza kupunguzwa. Mkuu wa mradi alisema huko ni kujipanga upya. Walianza na mafundi wa karakana, wakaja kwa wapaka rangi, wakapanda juu. Mama Mapango aliitwa chumba cha mikutano asubuhi moja, na alipotoka kadi yake ilikuwa haifungui tena mlango. Ikabidi agonge, afunguliwe ofisi yake mwenyewe, achukue viatu vyake vya kubadilisha.

Kiti chake kikakaliwa na vijana wa mkataba wa muda. Waliingia na kutoka kwa kasi hata watu wakachoka kujifunza majina, wakawaita tu Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu. Wa Tatu aliondoka keki ya kumkaribisha ikiwa bado kwenye friji. Wakaila kumkaribisha Wa Nne.

Kati ya watu wa zamani alibaki mmoja, mdogo wake Mama Mapango, mpimaji, tuliyemwita Rula. Mshahara wake sasa ndio uliobeba nyumba nzima: yeye, dada yake, binti wa dada yake, na mama yao asiyeishi bila dawa.

Siku ya majaribio wakubwa walikuja na kofia ngumu zenye kung'aa. Bwana Mikono akapita pango zima bila kugusa kitu. Wakapiga makofi. Rula hakupiga. Alisogea kwenye behewa akatazama ncha za mikono. Mbao ilikuwa nyeupe, bado inanukia msumeno.

"Nani kamkata huyu?"

Wa Nne akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Mimi, kaka. Alikuwa anakwama kona ya popo. Nikaambiwa mwamba umeshapakwa rangi, usiguswe. Nikajua hili ni sanamu tu la kujazia kiti."

"Hakuna aliyekueleza?"

"Nani anieleze, kaka? Nilipofika mezani nilikuta kikombe tu, tena kichafu."

Hakuwa akijitetea. Ndivyo ilivyokuwa.

Jioni Rula alimkuta dada yake jikoni anamenya viazi.

"Dada, wamemkata Bwana Mikono."

Kisu kikasimama. "Kona ya popo?"

"Umejuaje?"

"Pale nilibana kusudi, mtu ahisi popo wanamgusa. Nilijua fremu itagota. Nilikuwa nangoja igote, nikwangue ukuta kidogo kidogo mpaka ipite." Akakitazama kisu. "Halafu wakanitoa kabla haijagota."

"Nikisema, na mimi natoka."

"Basi usiseme. Funga bakuli lako, mdogo wangu. Mama ana dawa zake. Huyu mtoto hapandi, yamekwisha."

Jumamosi ndiyo siku ya ufunguzi, na familia za wafanyakazi hupanda kwanza. Binti alikuwa mlangoni, gauni la Jumamosi limeshapigwa pasi, liko mkononi.

"Mjomba, kwani mimi sipandi?"

"Muulize mama yako."

"Mama? Mbona binti wa mkata tiketi anapanda?"

Akaenda zake akiburuza gauni. Mama Mapango akauliza, "Huyo wa mkata tiketi, ndiye yule mrefu?"

"Ndiye."

"Nilipobeba boksi langu, baba yake alikuwa anatazama skrini."

"Najua, dada. Hata mimi nilikuwa natazama skrini."

Aliendelea kumenya. Kiazi kilipofika kwenye sufuria kilikuwa kama gololi.

Asubuhi Rula aliomba jaribio lirudiwe. Mkuu wa mradi akatazama saa, akakubali. Rula akamshusha Bwana Mikono, akaketi yeye, akanyoosha mkono nje ya behewa.

"Sukuma," akamwambia Wa Nne.

"Kaka, acha utani."

"Sukuma taratibu. Nina mkono mwingine."

Behewa likaingia gizani. Kwenye kona ya popo ikasikika sauti fupi, kama mtu kafyonya. Rula alipotokea upande wa pili, ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imebaki kwenye mwamba, na damu ilikuwa ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Na hapo behewa lilikuwa likienda mwendo wa mtu anayetembea.

"Nani alikutuma unyooshe mkono?" mkuu akauliza. "Tutaweka kibao. Mikono ndani."

"Mkuu, mtoto anayesoma kibao huku anapiga mayowe mimi sijamwona."

"Shida yako huna moyo wa timu."

Mchana kadi yake haikufungua mlango.

Alikuwa ameshafika lango la pembeni na boksi lake wakati Wa Nne alipomfuata mbio, kashika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Vilikuwa vile vipande viwili vya mikono. Alivitoa kwenye pipa la taka la karakana.

"Kaka, mimi nifanyeje?"

"Ubaki ukiwaambia wamrefushe."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza tu. Muulize Wa Tatu."

Wa Nne akacheka, halafu akaacha kucheka.

Rula alipoviweka vipande mezani, Mama Mapango alivipima kwa kiganja chake, akaingia chumbani, akatoka amevaa vile viatu alivyovifuata siku ile. "Kesho tunakwenda wote," akasema. "Na huyo mwenye gauni pia. Hapandi, lakini atashika kimoja."

Kesho ndiyo Jumamosi. Ukuta wa kona ya popo haujakwanguliwa. Kibao kimeshatundikwa, kizuri, kina rangi mbili. Langoni watakuwapo watu watatu na vipande viwili vya mbao, na walinzi wanajua kusukuma watu watatu. Watu mia hawasukumiki. Basi usiniambie umesikitika. Mpigie sasa hivi yule uliyempangia safari ya pango, na yule mkata tiketi kama unamjua. Mwanao asikanyage behewa. Fika kabla lango halijafunguliwa, simama pale, na usitoke mpaka Bwana Mikono apite na mikono yake yote.