Somo la Entropia la Mwalimu Risasi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Risasi kwa sababu alifundisha fizikia kama mtu anayefukuzwa. Aliandika ubaoni huku akifuta, na aliyeinama kuokota kalamu aliinuka akakuta somo limeshahama. Walimpenda, maana alichekesha, lakini kwenye mada ya entropia, kipimo cha jinsi joto lilivyotawanyika, wengi walitoka kapa kila mwaka.

Kisha akapatwa na kiharusi. Alipotoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka mojamoja. Kila alipokwenda kwenye mazoezi ya viungo alimuuliza mtaalamu lini atarudi kama zamani. Mtaalamu, mama mpole asiyezunguka maneno, alimwambia kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki, ila sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi yake, kwa jasho. Mwalimu alishika nusu ya kwanza tu. Akarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba anaacha kazi.

Mkewe, fundi cherehani, hakubishana. Alimtaka afundishe kipindi kimoja tu. Kikimshinda, atamsindikiza mwenyewe kwenda kumuaga mkuu wa shule.

"Baba watoto," alisema, "nani alikwambia kasi ndiyo ualimu?"

Kwa kuwa hakuweza kuandika, Mwalimu alikwenda darasani na vitu: bomba la sindano lililozibwa mdomo, beseni, jagi la maji ya moto na jagi la maji baridi. Darasa lilimtazama kwa huruma, naye akaihisi. Alimpa bomba msichana wa dawati la mbele. Msichana akasukuma kwa nguvu.

"Pole... pole," Mwalimu akamwambia.

Msichana akasukuma taratibu, akaachia taratibu, na kisukumio kikarudi kilipoanzia. Mwalimu akaeleza, akilitafuta kila neno, kwamba hewa ikibanwa taratibu joto huvuja kidogokidogo kwenda mkononi, na ikiachiwa taratibu joto hurudi. Pande zote mbili zina halijoto karibu sawa, hivyo entropia inayopungua huku inaongezeka kule kwa kiasi kilekile. Mchakato wa namna hiyo unarejeshika, au unakaribia, maana msuguano haukosi kuchukua chake.

Kisha akamwaga majagi yote mawili kwenye beseni na kuwaomba wayatenganishe tena maji ya moto na ya baridi. Walicheka, na ile huruma ikawatoka.

"Joto halikupotea," alisema. "Lakini ligawe... kwa halijoto. Ndipo upate... entropia."

Zamani angejijibu mwenyewe papo hapo. Sasa ulimi ulikuwa haujawa tayari, na kile kimya kikawapa wanafunzi nafasi ya kufikiri. Msichana wa mbele akaanza kusema polepole kwamba joto lilelile, ukiligawa kwa halijoto ya juu, linatoa namba ndogo, na kwa halijoto ya chini linatoa kubwa. Kwa hiyo maji ya baridi yamepata entropia kubwa kuliko ile iliyopotea kwenye ya moto. Ziada hiyo haifutiki, ndiyo maana maji hayajitenganishi.

Mwenzake wa nyuma akauliza kama friji haiwezi kuyatenganisha. Mwalimu akamjibu kwamba mashine inaweza, lakini itafanya kazi na kutema joto chumbani. Maji yatarudi yalivyokuwa, chumba hakitarudi.

Hapo akautazama mkono wake wa kulia. Alikuwa amekumbuka ile nusu ya pili ya maneno ya mtaalamu: sehemu nyingine hujifunza, kwa jasho.

Kengele ilipolia walibaki wamekaa, wakibishana juu ya beseni. Mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama dirishani, alimuuliza kama atachukua na darasa la pili. Akakubali.

Jioni alimsimulia mkewe yote. Alipomaliza, akachukua chaki ya kukatia nguo, akaishika kwa mkono wa kushoto na kuchora herufi moja juu ya kipande cha kitambaa. Ilipinda vibaya.

"Nikikata shati kwa mstari huo," mkewe alisema, "mteja atanikimbia."

Akamsogezea kitambaa kingine.