Nepi Mbili za Muzee Grégoire

Baba yangu alikuwa amevaa nepi mbili, moja juu ya nyingine, na bado benchi la kanisa lililowa. Nilikuwa kando yake. Nilisogea nikaketi juu ya pale palipolowa, kitenge changu kikapafunika, nikajifanya nasali mpaka watu wote wakatoka, huku yeye akitazama mbele bila kupepesa macho. Tulipofika nyumbani, mtaani Majengo, aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na tangu Jumapili ile hakutoka tena nje ya uzio wetu.

Aibu yake niliiona na iliniuma. Lakini nikisema ukweli, kilichoninyima usingizi kilikuwa kitu kingine. Mbili! Moja ikivuja, nitaelewa, imejaa. Mbili zitavujaje kwa muda uleule? Mimi ni fundi wa kushona. Ukiniambia koti la bitana mbili linapitisha baridi sawa na la bitana moja, nitalifumua nione ndani kuna nini. Ndivyo nilivyo. Marehemu mama alinichapa sana kwa tabia hiyo, kwa sababu redio mbili na saa ya ukutani zilifia mikononi mwangu.

Nieleze kidogo. Baba yangu, Muzee Grégoire, alikuwa fundi wa mifereji ya mabati. Nusu ya nyumba za mtaa wetu zinakinga mvua kwa mifereji aliyoifunga yeye. Mwezi wa kumi na mbili alipasuliwa tezi dume, na tangu hapo mkojo humtoka bila kumwomba ruhusa. Daktari alisema hali itatulia polepole. Hiyo polepole hatujaiona.

Na sasa mdogo wangu Émile, shemasi, alikuwa apewe upadre katikati ya mwezi wa nane. Parokiani kwetu mzazi ndiye anayemshika mwanawe mkono, anamfikisha mbele ya askofu, kisha anakaa benchi la kwanza mpaka mwisho wa Misa. Mama hayupo. Baba wadogo wa Butembo walituma ujumbe kwamba barabara hairuhusu. Alibaki Baba peke yake, na Baba alikuwa amefunga mlango.

"Siendi," aliniambia nilipompelekea chai. "Weye njo utamushika mukono."

"Baba, mi siko muzazi wake."

"Basi aende peke yake. Afazali hivyo kuliko batu banione nimelowa mbele ya monseigneur."

Misa ya upadrisho si ya saa moja. Kuna litania ya watakatifu, kuna mapadre wote kupita mmoja mmoja kuweka mikono, kuna matoleo yanayochezwa kutoka mlangoni hadi altareni, na kwaya nne ambazo hakuna hata moja inayokubali kuimba wimbo mmoja. Ukitoka baada ya saa nne, shukuru. Nilimwona akilini Émile akitembea peke yake katikati ya kanisa lile lililojaa, mtoto mwenye baba hai, nikakasirika. Sikujua nimkasirikie nani. Nikaamua kuzikasirikia nepi.

Nilianza kwa Mama Henriette, mwenye duka la dawa kwenye kona, maana ushauri wa kuvaa mbili ulitoka kwake.

"Zimevuja," nikamwambia.

"Avae tatu."

"Na tatu zikivuja?"

"Ine."

"Mama Henriette, ulishapima hata siku moja?"

"Kupima nini? Mi nauzisha tu. Batu bote banafanya vile, hakuna mwenye alirudi kunisumbua isipokuwa weye."

Hawakurudi kwa sababu walikuwa wamejifungia vyumbani kama baba yangu, nikawaza. Nikanunua pakiti nzima.

Siku iliyofuata, saa za mchana ambapo wateja ni wachache, nilifunga mlango wa karakana yangu ya kushonea, iliyo ubavuni mwa nyumba yetu. Nilichukua beseni, chupa tupu ya bia, ile kubwa, na maji niliyoyatia bluu ya kufulia ili niyaone yanakoenda. Nilikunja nepi moja ndani ya beseni, umbo la mtu aliyeketi, nikamimina polepole. Chupa moja. Nusu ya pili. Hapo ndipo beseni likaanza kupata rangi pembeni. Vizuri. Nikaweka mpya, safari hii mbili, moja ndani ya nyingine kama alivyokuwa anavaa Baba. Nikamimina chupa moja. Nusu ya pili. Kidogo tu zaidi, pengine kikombe cha kahawa, na beseni likapata rangi palepale.

Nikazitenganisha. Ya ndani ilikuwa imevimba, nzito, bluu tupu. Ya nje ilikuwa kavu! Nyeupe vilevile ilivyotoka kwenye pakiti, isipokuwa kwenye kingo zake mbili. Nilicheka peke yangu kwa mshangao. Muda wote huo mzee wa watu alikuwa amebeba nepi ya pili bure, ikimfanya atembee ametanua miguu, na yenyewe haikuwa inafanya kazi yoyote.

Basi, mimi ni fundi, na fundi wa kushona ana dawa moja kwa matatizo yote. Niliona vitambaa viwili vinavyoteleza, kimoja juu ya kingine, nikasema tatizo ni hilo: hazijashikana, maji yanapita katikati na kukimbilia pembeni. Kitu kisiposhikana, unakishona. Nikaziweka mbili nyingine chini ya cherehani, nikapiga mshono kuzunguka pembe zote, kisha mstari mmoja mnyoofu katikati, kazi safi kabisa ambayo ningeweza kumwonyesha mteja. Nikazirudisha kwenye beseni nikamimina kwa kiburi.

Hata chupa ya kwanza haikuisha. Matone ya bluu yalitoka chini, katikati kabisa, yamejipanga mstari mnyoofu, tone moja kwa kila tundu la sindano. Nilitukana. Nilitukana kwa Kinande, lugha ya nyumbani kwetu, ambayo huwa naitumia kwa mambo mazito.

"Charline! Unafanya nini na bitu byangu?"

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. Kumbe kelele zangu zilikuwa zimemtoa chumbani. Aliziona nepi zimetapakaa mezani kati ya mikasi na mabaki ya vitenge, akaona beseni, na uso wake ukabadilika. Nilidhani atanifukuza kutoka karakana yangu mwenyewe.

"Baba, nisamehe. Nilitaka kujua tu."

"Kujua nini?"

"Kwa nini mbili ni sawa na moja."

Alibaki pale mlangoni, mkono kwenye fremu, hasira yote bado usoni. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye beseni, kwenye ule mstari wa matone, na hayakutoka hapo. Mtu aliyefunga mifereji miaka thelathini hawezi kuona maji yanadondoka mahali yasipotakiwa akapita tu. Alisogea. Akainama. Akaipindua ile kazi yangu ya mshono, akagusa chini kwa kidole.

"Hapa njo sindano ilipita?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hapa haikupita, hakuna maji." Akazifumua zile mbili kwa mikasi yangu ya kitambaa, ile ambayo hairuhusiwi kukata kitu kingine, nami nikanyamaza. Akakunja ya ndani, akakwaruza mgongo wake kwa ukucha. "Ona. Hii ya ndani iko na nailoni chini. Maji inafika hapa, inakuta mulango umefungwa. Itaenda wapi? Inaenda pembeni, inamwangika. Ile ya nje inangojea maji yenye haitafika hata siku moja."

Nikaelewa, na nikaona haya. Nailoni ilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo. Niliwaza pamba tu na mshono.

"Kwa hiyo tutoboe ya ndani," nikasema.

"Ya ndani peke yake. Ya nje isiguswe kabisa, ile njo sisiterni, tanki ya maji."

Nilishika mikasi nikakata tundu kubwa, upana wa kiganja. Nilipomimina, maji yalipita, lakini vilevile vilipita vile vipunje vya ndani vinavyofyonza maji, vikamwagika kati ya nepi mbili, vikawa uji wa kunata. Baba alisonya.

"Weye unabomoa. Mi nimesema njia, sikusema shimo."

Akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akaweka nepi nyingine kifudifudi mezani, akachora vistari vidogo katikati tu, mbali na kingo, vingi kidogo kuelekea nyuma kwa sababu mtu aliyeketi maji yake huenda nyuma. Nilikata kila kistari kwa wembe, urefu wa tundu la kifungo, nikipasua nailoni tu bila kuzamisha wembe kwenye pamba. Kazi hiyo naijua, nimetoboa matundu ya vifungo maisha yangu yote. Tukamimina pamoja, yeye akishika chupa.

Chupa moja. Moja na nusu, mahali ambapo kila mara ilishindwa. Beseni kavu. Mbili. Nilijikuta nimeshika mkono wa Baba. Mbili na nusu, na ndipo tone la kwanza lilipotoka pembeni. Tulizifungua. Zote mbili zilikuwa bluu.

Nilikimbilia kwa Mama Henriette kumweleza, bila kutaja jina la mtu, ingawa alijua. Alisikiliza, akafikiri, akanikata maini: "Ulitumia maji ya bure. Mukojo iko na chumvi. Weka chumvi, utaona." Nikarudi, nikatia chumvi. Alisema kweli, yule mama: tulishindwa kwenye chupa mbili. Kwa nini chumvi inavizuia vile vipunje kunywa, sijui hadi leo, na ninatamani sana kujua. Lakini chupa mbili bado zilizidi moja na nusu, na Baba alikuwa amehesabu pamoja nami.

"Kwa hiyo utaenda?" nikauliza.

"Beseni haina haya, Charline. Mi niko nayo."

Akarudi chumbani. Nililia kidogo juu ya cherehani, nikaendelea na sketi ya mtu.

Alhamisi alitoka amevaa suruali yake ya kawaida juu ya nepi mbili, ya ndani imekatwa, akakaa kwenye kiti cha wateja tangu saa tatu asubuhi. Alikunywa chai vikombe viwili. Wateja waliingia, wakamsalimu, wakashangaa kumwona, naye akawajibu kwa neno mojamoja huku masikio yake yakiwa kwenye mwili wake mwenyewe. Nilimwona akisikiliza. Kila baada ya muda mfupi alishusha mkono kando ya paja, akagusa kiti kwa ncha za vidole, akautazama ukuta. Saa saba alisimama. Kiti kilikuwa kikavu. Hakusema ataenda wala hataenda, nami kwa mara moja maishani nilifunga mdomo.

Jumapili ya upadrisho alinitangulia mlangoni, suti imepigwa pasi, kiatu kinang'aa.

"Tunachelewa," akasema.

Nilibeba nepi mbili nyingine, ya ndani tayari imekatwa, kwenye mkoba mkubwa. Sitakuambia nilisali. Nilikaa nyuma yake nikitazama benchi. Jina la Émile lilipoitwa, Baba alisimama akatoka hadi katikati, akamshika mwanawe mkono, wakatembea pamoja polepole, na nilimsikia akisema mbele ya askofu kwa sauti nzima, "Huyu ni mutoto wangu, ninamutoa." Akarudi kukaa. Nikatazama benchi. Émile akalala kifudifudi sakafuni, sote tukapiga magoti, watakatifu wakaitwa mmoja baada ya mwingine, Baba akainuka tena bila kushika chochote. Benchi. Mapadre wakapita. Kwaya ya tatu ikachukua nafasi ya kwaya ya nne, ya nne ikakataa. Kwenye matoleo Baba alisimama, akapiga makofi, akacheza, viuno kabisa, nikataka kumvuta koti. Saa nne zikapita, ya tano ikaanza. Mwishoni alipiga magoti mbele ya mwanawe, padre mpya, na Émile akamwekea mikono kichwani, na mabega ya Baba yakatetemeka kwa muda mrefu.

Benchi lilikuwa kavu. Nilipitisha kiganja juu yake mara mbili.

Ndani ya teksi sikuweza kuvumilia. Saa tano nzima na dakika kumi za Misa, na kucheza juu yake! Nilitaka kujua kila kitu: ilianza kuwa nzito saa ngapi, ya nje ilianza kunywa lini, upande gani uliwahi kujaa. Nikamwinamia Baba sikioni ili dereva asisikie.

"Baba, ilishika? Ulisikia imejaa wakati gani?"

Alikuwa akitazama nje dirishani, bado anapiga wimbo wa matoleo kwa kidole kwenye goti.

"Sijue."

"Namna gani haujue?"

Aligeuka, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali.

"Nilisahau, mutoto wangu. Tangu pale Émile alinipatia mukono, nilisahau kama nimevaa kitu."

Miezi minane huyu mtu hakuwa amesahau hata dakika moja. Nilimshika mkono, nikageuza uso upande wangu wa dirisha nikalia, na sikumuuliza tena.