Koti Lenye Jina la Hector

Lachlan Urquhart alikuwa amebakiwa na siku tisa tu kumfikisha bintiye kanisani, na koti hakuwa nalo. Kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, alikuwa nayo, tena ya babu yake, yadi nane za sufu ambazo hata nondo ziliwashinda. Taabu ilikuwa koti. Usicheze na koti la kilti, ndugu yangu. Ukivaa koti la suti ya kawaida linashuka hadi makalioni, linafunika mkoba wa manyoya unaoning'inia mbele, na unabaki kama mtu aliyetoka bafuni akakosa suruali. La kilti sharti liishie kiunoni na lichongwe mbele.

Mkewe Ishbel alimburuta hadi mji wa Inverness. Dukani makoti yote yalikuwa meusi, yenye vifungo vya kumeremeta.

"Haya ni ya jioni," Lachlan akanung'unika. "Harusi ni saa sita mchana."

"Siku hizi watu wanavaa tu, mzee," muuzaji akasema.

"Watu wakienda kanisani na pajama, na mimi niende nayo?"

"Acha ubishi, jaribu," Ishbel akasema. Akajaribu. Kifungo kilifika nusu ya safari kikagoma. Ishbel akacheka mpaka akashika meza. "Hiki kikikatika pale mbele kitamtoboa mchungaji jicho. Vua, vua, twende zetu."

Basi walirudi kwa njia ya Dingwall, na Ishbel akataka kupita kwenye duka la mitumba la akina mama wa kanisa kutafuta vikombe. Lachlan alisimama tu akipekua nguo bila nia, na hapo, katikati ya makoti mawili ya mvua, akaliona. Lilikuwa la sufu nzito, rangi ya majani makavu, na vifungo vya pembe ya kulungu. Alipolivaa, mabega yakakaa, tumbo likakubali, mikono ikaishia panapotakiwa.

"Mzee, hilo lilishonwa likikungoja wewe," mama wa dukani akasema.

Walilinunua palepale. Nyumbani binti yao Eilidh alipomwona baba yake nalo, machozi yakamtoka. "Baba, usibadilishe hata kifungo. Umependeza!" Lachlan akachekelea, akaingiza mkono mfuko wa ndani kama wanaume wafanyavyo wakisifiwa, vidole vikagusa kitambaa kidogo. Mafundi wa zamani wa kule hushona jina la mwenyewe mfukoni. Alingoja wanawake watoke chumbani, akaugeuza mfuko nje.

*H. Matheson. Mei 2003.*

Akakaa kitandani na koti mwilini.

Hector Matheson! Katika makoti yote ya Uskoti, la Hector! Wawili hao waliwahi kuwa walinzi wa mawindo kwenye shamba moja la bwana mkubwa liitwalo Strathorran, nyumba zao zimekaa bega kwa bega na banda moja la vifaa katikati. Juni ile ya 2003 kwale, ndege wa kuwindwa, walikuwa wanapungua, bwana analalama kila siku, na Lachlan akatia sumu kwenye mzoga wa sungura kuwategea mbweha wanaowala. Akaja kuula tai. Kule ukiua tai umejitafutia jela. Polisi wakafika, wakapekua banda, wakatoka na kopo la sumu. Lachlan alikuwa amesimama pale, na kabla hajasema neno Hector akasema, "Ni langu."

Ni hivyo tu. Ni langu.

Hector alitozwa faini, akaandikwa magazetini, akafukuzwa kazi. Na kazi ile ikienda, nyumba nayo inakwenda. Na nani alihamia nyumba ya Hector, iliyokuwa kubwa zaidi? Lachlan. Eilidh alijifunza kutembea kwenye sakafu ile. Miaka ishirini na miwili Lachlan aliamini kwamba jirani yake alijitoa kwa ajili yake, kwa sababu yeye alikuwa na mtoto mchanga. Na hakuwahi kusema asante, maana asante ingekuwa kukiri. Wakikutana mjini walizungumzia mvua. Ukitaka kujua aibu, hebu zungumza habari za mvua na mtu uliyemla nyama akiwa hai.

Na huyo Hector alikuwa mwalikwa. Eilidh mwenyewe alimpelekea kadi.

Kesho yake Lachlan akamwambia mkewe koti linambana.

"Jana lilikukaa, leo linabana? Umekula nini, mlango?"

"Kwapani, Ishbel. Linabana kwapani."

"Mwambie mwanao basi, kisha uniambie atakaponyamaza kulia." Akamtazama kwa muda. "Una nini wewe? Tangu jana hukai, hulali, chai inakupoa mkononi."

"Sina kitu," akasema. Alijua hawezi kupita kati ya viti vya kanisa akiwa amevaa koti la yule mtu mbele ya macho ya yule mtu. Na akisema ukweli sasa, siku chache kabla ya harusi, bintiye ataolewa huku kijiji kizima kinanong'ona. Alhamisi alasiri akalikunja koti, akalitia kwenye mfuko wa duka, akaenda kwa Hector.

Hector alikuwa akikaa peke yake Dingwall, kwenye nyumba ya halmashauri yenye vyumba viwili. Alifungua mlango akatabasamu. "Lo! Baba wa bibi harusi! Ingia, ingia, maji yamechemka." Akaweka chai, biskuti za shayiri na jibini. Lachlan hakugusa. Akalitoa koti.

"Kaka, nimelinunua kwa wale akina mama. Nikaona jina lako. Nimekurudishia."

Hector akacheka. "Kwani nililipeleka pale ili linirudie? Mimi nimekonda, litanivaa lenyewe. Hebu simama, nikuone."

"Hapana, kaka, mimi…"

"Simama, bwana wee!"

Akamvalisha kwa mikono yake. Akavuta pindo, akapangusa mabega, akafunga kifungo, akarudi nyuma hatua moja akiangalia. "Safi kabisa. Halijawahi kuvaliwa, unajua? Nilishonesha kwa ajili ya harusi ya mwanangu Innes. Basi tu, mambo yakaingiliana. Angalau sasa litaingia kanisani."

Lachlan angeweza kustahimili matusi. Wema ule hakuuweza.

"Ile sumu ilikuwa yangu," akasema.

"Sumu gani?"

"Ya bandani. Ya tai. Ni mimi, kaka. Ulibeba mzigo wangu kwa sababu ya Eilidh mdogo, nami nikanyamaza nikala matunda yake. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nimesema."

Hector alitafuta kiti kwa mkono, akakaa taratibu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na ulidhani nilijitoa kwa ajili yako?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Lachlan, ulikuwa jirani mwema. Lakini nipoteze kazi na nyumba kwa ajili yako? Una wazimu?"

"Sasa kwa nini ulisema ni lako?"

"Asubuhi ile nilimwona Innes akitoka bandani. Walipotoa kopo nikajua ni yeye. Nani mwingine? Ilikuwa wiki tatu kabla ya ndoa yake. Nikasema bora mimi." Akapangusa mdomo. "Polisi walipoondoka nikamwuliza. Akakataa. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Nami nikamwambia, mimi nimevuliwa nguo mbele ya watu kwa ajili yako, nawe bado unanidanganya? Nikamwita mwongo. Nikamwambia harusini kwako sikanyagi, na kwangu usikanyage. Akaenda Kanada. Sijasikia sauti ya mwanangu tangu siku hiyo."

Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Na aliyekula alikuwa amesimama mbele yake amependeza.

Lachlan alianza kulivua koti.

"Liache! Sina haja ya koti!" Sasa ndipo alipopaza sauti. Aliinuka, akatoa nyuma ya saa rundo la kadi za Krismasi lililofungwa kwa uzi. "Mkewe hutuma. Kila mwaka. Huandika namba ya simu hapa chini, kila mwaka, kana kwamba naweza kuisahau." Akakokotoa kwa vidole. "Kule sasa hivi ni asubuhi."

Alibonyeza namba, akakosea, akaanza upya. Ilipoanza kuita akaisukuma simu kifuani kwa Lachlan.

"Sema wewe."

"Kaka, ni mwanao…"

"Mimi nitamwambia nini? Niliapa mbele ya Mungu kwamba mwanangu ni mwongo. Sema wewe!"

Simu iliita. Lachlan aliomba isipokelewe, na palepale akajichukia kwa kuomba hivyo. Kisha ikapokelewa. Mwanamume mtu mzima akasema haloo, kisha labda akaona namba inatoka Uskoti.

"Baba?" sauti ikasema. "Baba, ni wewe?"

Hector alisikia. Alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Si baba yako, Innes," Lachlan akasema. "Baba yako yupo hapa, ananisikiliza. Ni mimi, Lachlan, wa nyumba ya pili. Usikate."