Punje ya Shingoni

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga taratibu gizani. Nikajua mama mkwe ameamka kabla yangu, na chai inayochemshwa mapema hivyo ni ya mtu mwenye jambo la kusema. Nilimfunika binti yangu vizuri, nikaenda kukaa mlangoni pa jiko. Siku hiyo saa mbili asubuhi nilitakiwa ofisini kwa Bwana Dakika na karatasi iliyosainiwa, ama nisionekane tena kiwandani.

Chanzo cha yote ni hadithi.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitaka kila mmoja aandike hadithi ya kisayansi, ya miaka mingi ijayo, tuje kusomeana Ijumaa ya mwisho wa muhula. Alitueleza kwamba watu walioishi wakihofia mabomu waliandika juu ya mbingu zinazoungua. Waliohofia majirani zao waliandika juu ya wageni kutoka nyota nyingine, wanaofanana nasi kwa kila kitu isipokuwa moyo. Ukitaka kujua watu waliogopa nini, alisema, tazama walivyoiota kesho. Fundi wa kuchomelea akasema yeye haogopi kitu ila mkewe, basi ataandika juu ya mkewe akiwa na mabawa. Tulicheka mpaka chaki ikamponyoka mwalimu.

Mimi sikuhitaji kufikiri sana. Kiwandani kwetu tunashona mashati, na kila laini ya wanawake arobaini ina kibao kimoja cha mbao chenye kamba. Huendi chooni wala bombani bila kukivaa, na kikiwa kwa mwenzako unasubiri. Miaka michache nyuma, niliporudi kazini binti yangu akiwa na miezi mitatu, nilisubiri kibao huku maziwa yakinitiririka ndani ya blauzi, nikaendelea kushona nikiwa nimelowa hadi kiunoni. Kwa hiyo nikabuni kiwanda cha miaka mia tatu ijayo, ambako kila mtoto akizaliwa hupandikizwa punje ya umeme shingoni. Punje hiyo inajua kiu yako kabla yako. Ikiwaka nyekundu, bado. Ikiwaka kijani, nenda. Na kuna binti mmoja ambaye punje yake haijawaka kijani tangu alfajiri.

Niliandika wakati wa chakula, nyuma ya karatasi kuukuu za vipimo vya mashati, nikazisahau juu ya meza ya kukatia. Sasa, kwetu mkataji akimaliza kukata, kila fungu la vitambaa hulifunga kwa ukanda wa karatasi kuukuu na kuandika namba juu yake. Akachukua zangu. Hadithi ikachanwa vipande kumi na kimoja, ikasambazwa laini zote.

Kufikia saa tisa, chini ya kelele za mashine kulikuwa na minong'ono. Laini ya kola walikuwa na mwanzo, laini ya mifuko katikati, na wa vifungo walikuwa na mwisho usiokwisha, maana sikuwa nimeumaliza. Aliyevaa kibao akawa tarishi, hapiti laini bila kusimamishwa.

"Shoga, huko vifungoni yule binti kapata maji?"

"Huku karatasi imeisha. Bado ana kiu, masikini."

Bwana Dakika ni msimamizi wetu, na jina hilo tulimpa kwa ile saa yake ya kupimia wanaokwenda chooni. Alivikusanya vipande akaviunga kwa gundi. Hakuhangaika kumtafuta mwandishi. Mwandiko wangu anaujua, ndimi ninayewaandikia wenzangu barua za kuomba likizo. Alilalamika kwamba hata msimamizi wa kwenye hadithi ana kipara kama chake. Nikamwomba radhi, nikasema sikujua kwamba miaka mia tatu ijayo vipara vitakuwa vimekwisha. Hakucheka. Alinipa siku mbili niandike kwa mkono wangu kwamba ile ni porojo isiyohusu mtu wala kiwanda chochote, nisaini, aibandike ubaoni, na nisiisome popote.

Mama mkwe akanimiminia chai. Nilitegemea aniambie nisaini. Mwanawe, mume wangu, alikuwa mbali kwenye kazi za mjengo ambazo leo zipo kesho hazipo, na nyumba ilisimama kwa mshahara wangu. Yeye mwenyewe alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini.

"Niliogopa miaka yote thelathini, mwanangu," alisema, "na bado walinitoa kazini. Kunywa chai yako yote ndipo uende."

Saa mbili nilimwekea Bwana Dakika karatasi mezani, tupu. Nilimwambia kama ile ni porojo basi haihitaji saini yangu, na kama si porojo, siwezi kusaini uongo. Akaniamuru nikabidhi mkasi na aproni. Nilipomwomba vipande vyangu, akasema karatasi ni mali ya kiwanda.

"Karatasi chukua," nikamwambia. "Hadithi ninayo."

Kusema kweli sikuwa nayo yote. Jioni ile, Ijumaa ya kusomeana, niliingia darasani na ukurasa mmoja tu, mwisho nilioshinda nao jikoni kutwa, binti yangu nimemshika mkono, mama mkwe nyuma yetu. Hatujakaa sawasawa mlango ukafunguliwa. Wakaingia wa kola, wa mifuko, wa vifungo, wanawake kumi na mmoja, wengine na nyuzi bado zimewaganda kwenye sketi. Kila mmoja alikuwa amenakili kipande cha laini yake kabla hakijachukuliwa. Mmoja alikuwa ameanzia kiganjani akaishia kwenye kiwiko. Fundi wa kuchomelea akawasogezea madawati. Walisoma kwa zamu, wakikwama hapa na pale, na hakuna aliyemharakisha mwenzake. Wa vifungo alipofika pale karatasi ilipoishia, wote wakanigeukia.

Nikasoma. Binti akainuka. Punje ilikuwa nyekundu shingoni mwake, ikaanza kulia, naye akatembea kati ya mashine hadi bombani, akafungua maji, akayakinga kwa viganja na kunywa. Nyuma yake kiti kikasikika kikisogezwa, kisha kingine, kisha laini nzima.

Mwanamke wa kola akasema Jumatatu watanipitia nyumbani, tuongozane wote hadi getini, na atakayetaka kunizuia aanze na yeye. Binti yangu alikuwa amepakatwa na bibi yake, akitutazama midomo.

"Na mimi nasikia kiu," alisema.